Usingizi wa Mkwe Wangu

Nimewalaza watoto wa watu maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na usingizi naujua. Anayejifanya amelala hubana kope. Aliyelala kweli mdomo humlegea, na hata ukimmulika tochi usoni hana habari nawe. Hakuna msichana aliyewahi kunizuga. Kwa hiyo binti yangu wa kumzaa aliponipigia simu kusema mume wake halali, nilicheka. Nilimwambia mwanamume asiyelala ana hawara, achunguze simu yake kwanza.

"Mama, sikutanii," akasema, na nikasikia kuwa alikuwa ametoka kulia. Nikafunga mizigo yangu nikaenda.

Mkwe wangu ni mwokaji wa mikate. Anaingia bekari watu wanapofunga milango ya nyumba zao, na anatoka asubuhi mikate ikiwa imeshapakiwa kwenye magari, yeye ananuka hamira mpaka kwenye nyusi. Zamani alikuwa akirudi anaoga, anakula kidogo, analala hadi jioni bila shida yoyote. Kisha akazaliwa mjukuu wangu, bonge la mtoto, mashavu yanataka kugusa mabega, na nyumba nzima ikamwita hivyo hivyo, Bonge. Bonge akawa analia mchana. Kama hiyo haitoshi, kwenye kiwanja cha jirani ikafunguliwa karakana ya kuchomelea mageti. Mwenye karakana, fundi mmoja ambaye watu walimwita Cheche, alikuwa akisaga chuma tangu asubuhi mpaka meno yananiuma. Mkwe wangu akakosa hata lepe la usingizi. Alikonda, akawa anasahau maneno katikati ya sentensi, na bekari akaunguza mikate ya zamu nzima akapewa onyo. Ndipo daktari akamwandikia vidonge vya usingizi.

Vilikuwa vidogo, vyeupe, vya kawaida kabisa. Aliambiwa asivimeze akiwa amesimama, akae kitandani kwanza. Siku ya kwanza alilala usingizi wa pono. Cheche alisaga, Bonge alilia, mimi niliangusha sufuria, yeye kimya. Alipoamka alimbeba mwanawe akamzungusha sebuleni. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake yote.

"Mama, nimezaliwa upya," akaniambia.

"Basi nepi za kufua zimeongezeka," nikamjibu, "na mimi mikono ni hii hii miwili."

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini. Likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha, amerudi kazini kwenye dirisha la wateja katika ofisi ya maji, kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa yetu watatu: mimi, Bonge, na mtu aliyelala nyuma ya mlango uliofungwa. Chumba kile sikuwa naingia. Mama mkwe haingii anapolala mkwe wake. Nililelewa hivyo na sikuona sababu ya kubadilika uzeeni.

Alasiri moja mlango ukafunguka. Akatoka macho wazi, shati limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umeamka mapema?"

"Unga haungoji," akasema.

Akapita kwenda jikoni. Nilimwona akinawa mikono hadi viwikoni, akifuta meza, akimimina unga, akitengeneza shimo katikati kwa ngumi. Anakanda vizuri mkwe wangu, mwili mzima unashiriki, na nilikaa nikimtazama huku Bonge akininyonya kidole. Alipomaliza alilipaka donge mafuta kidogo, akalinyunyizia unga, akaliweka kwenye beseni, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kukunja pindo zake chini ya ukingo pande zote, hewa isipite. Beseni akaliingiza kwenye kabati lililo ubavuni mwa jiko, mahali penye joto. Akafunga kabati na kurudi chumbani. Alinipita karibu kabisa bila kunitazama, nami nikaona ni uchovu tu.

Jioni alitoka akipiga miayo. "Mama, nimesikia harufu ya hamira. Leo umekanda?"

"Wewe ndiye uliyekanda."

Akacheka. Alidhani namtania, na kwa haki yake, huwa namtania. Kisha akatazama kucha zake. Zilikuwa na unga. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Mkate wenyewe tuliuoka tukaula. Binti yangu alisema wanaume wa wenzake wakilala wanakoroma tu, wake analala na kuacha mkate mezani, sasa yeye alalamike nini? Tulicheka sote, hata mkwe wangu mwenyewe. Lakini mimi nililala na jambo moja kifuani. Nilikuwa nimemtazama usoni. Alikuwa ameniamkia, na nilimjibu. Mimi mlezi wa bweni niliongea na mtu aliyelala fofofo nisijue.

Ikajirudia. Mara nyingine alifuta meza tu akarudi kulala. Mara nyingine alikanda. Akiamka hakumbuki kitu, na kila mara uso wake ulizidi kuingia ndani. Wakati huo huo alianza kubadilika hata akiwa macho. Mtu aliyekuwa akiimba bafuni akawa anakaa kizingitini ameshika kiatu kimoja, amesahau kukivaa.

"Mama," aliniambia siku moja, "namwona Bonge anacheka, na najua hapo natakiwa nifurahi. Lakini furaha haifiki. Inaishia njiani."

"Umechoka tu, mwanangu."

"Labda. Naona kama nikiondoka, nyie mtapumzika."

"Uondoke uende wapi, na mtoto huyu anayekula kama askari nani atamlisha?"

Hakucheka. Akavaa kiatu chake akaenda kazini.

Nilimwambia arudi kwa daktari. Akanisihi nisiseme lolote, si kwa daktari wala kwa mkewe. Kidonge kimoja kilikuwa hakimshiki tena, alishaanza kumeza viwili, na alijua daktari akisikia atamnyang'anya vyote. "Nikikosa usingizi tena nitafukuzwa kazi, mama. Nisitiri." Nikamsitiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, msemo huo nimewaambia wasichana wa bweni mpaka wakauchoka. Ila wasichana wa bweni hawakuwahi kunitazama kwa macho yale.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, siku nzuri ya kuanika. Bonge alikuwa amelala kwenye godoro lake dogo sebuleni, ameshiba, kifua kinapanda na kushuka. Mtoto huyo hata kutambaa alikuwa hajaanza. Ukimweka mahali, hapo hapo utamkuta. Nikachukua ndoo ya nepi nikatoka uani. Cheche alikuwa anasaga geti la mtu, makelele yamejaa hewani. Nilianika, nikakung'uta, nikabana vibanio. Niliona sikukawia.

Niliporudi godoro lilikuwa tupu.

Kwanza nilisimama tu. Kisha nikainua godoro, kana kwamba mtoto mnene vile anaweza kubanwa chini yake nisimwone. Nikatazama nyuma ya kochi. Nikatoka mbio hadi getini, barabarani, huku na huku, hakuna mtu aliyebeba mtoto, hakuna mtu kabisa. Nilidhani nimeibiwa mtoto. Nikapaza sauti, lakini mashine ya Cheche ilikuwa kubwa kuliko mimi, mpaka nikaenda kumshika bega.

"Bonge hayupo!"

Akazima mashine, akavua miwani yake, akanifuata ndani.

Nikasimama mbele ya mlango wa chumba cha mkwe wangu. Nitasema ukweli: nilisita. Mtoto amepotea na mimi bado nafikiria adabu. Nikabisha. Nikabisha tena. Kisha nikafungua.

Alikuwa amelala chali, mdomo umelegea, usingizi wa kweli kabisa. Mtoto hakuwapo kitandani, wala chini ya kitanda. Mkwe wangu alikuwa na unga mweupe kwenye mikono yote miwili, kuanzia vidoleni hadi viwikoni.

"Yuko wapi?" nikamwuliza. Nikamtikisa. Kichwa chake kilikwenda kulia na kushoto bila ubishi. "Baba, mtoto yuko wapi?" Nikampiga kofi, mkwe wangu, kofi la nguvu. Hakuamka.

Na kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa, nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya kile nikasikia gesi. Ile sauti ndogo ya oveni ikiwaka. Mimi sikuwa nimewasha oveni.

Sijui nilifikaje jikoni. Meza ilikuwa imefutwa. Trei ilikuwa juu yake, imeshapakwa mafuta. Nikavuta mlango wa kabati. Beseni lilikuwa pale, limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, pindo zimekunjwa chini ya ukingo pande zote, kazi safi ya mtu anayejua kazi yake.

Nikakivuta kitambaa. Kilikuwa kimemganda puani.

Bonge alikuwa amejikunja kwa ubavu, uchi, amepakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, mwekundu, amelowa jasho. Nilipomwinua kichwa kilianguka nyuma. Hakulia. Nilimpiga nyayo. Nikampulizia usoni. Nikamgeuza kifudifudi kwenye mkono wangu, nikampiga mgongo. Cheche alikuwa nyuma yangu, anauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, anapumua? Bibi, anapumua?"

Kisha Bonge akakohoa. Akavuta hewa ndefu yenye mkwaruzo, akalia kilio kibaya, kilio cha hasira, na mimi nikakaa sakafuni nimembana kifuani. Cheche akanyoosha mkono akazima oveni. Tulitazama ile trei sote wawili. Unga ukishaumuka unakwenda wapi, kila mtu anajua. Mkwe wangu alikuwa amerudi kulala kidogo, kusubiri.

Cheche alitupeleka hospitali kwa gari lake la kubebea vyuma. Binti yangu alitukuta huko, bado amevaa beji ya ofisi. Mtoto aliwekewa hewa, akapimwa hiki na kile, na daktari, mwanamke mtulivu aliyeongea taratibu, akasema ametoka salama, watamlaza tu kwa uangalizi. Binti yangu alimkumbatia mwanawe akanigeukia.

"Mama, ulijua anatembea usingizini. Mimi nimeona vidonge vinaisha haraka. Ulijua pia anameza viwili?"

Nikasema nilijua. Akamhamishia mtoto bega la pili, mbali nami, na ningependelea anitukane.

Daktari aliuliza jina la dawa. Alipolisikia akashusha pumzi. Alitueleza kuwa zipo dawa za usingizi ambazo kwa watu fulani hulaza akili na kuacha mwili uendelee na kazi ulizozizoea. Mtu hupika, huendesha gari, huongea, na akiamka hana kumbukumbu hata chembe. Ukiongeza kipimo hatari inaongezeka. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Siku hizi ana hali gani akiwa macho? Amewahi kusema lolote kuhusu kufa, au kwamba mngekuwa salama bila yeye?"

Nikamwambia: alisema akiondoka tutapumzika.

"Dawa hizi zinaweza kuizamisha roho ya mtu," akasema. "Asizimeze tena, na asiachwe peke yake. Mwambieni ukweli wa leo, lakini mtu awe karibu naye. Na mumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Msiogope neno. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Yuko na nani sasa?"

Hakuwa na mtu. Tulikuwa tumemwacha amelala, kwenye nyumba ile, na kila kitu kiko wazi jikoni.

Cheche aliendesha kama mwehu. Njia nzima nilikuwa naona picha moja: mtu anaamka, anatoka chumbani, anakuta godoro tupu. Anaingia jikoni. Nilimpigia simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nimekula chumvi nyingi, nimezika mume na ndugu, lakini hofu ya mule garini sijawahi kuionja, maana ya mchana ilikuwa hofu ya kutojua, na hii ilikuwa ya kujua.

Nyumba ilikuwa kimya. Kitanda kilikuwa kitupu.

Nilimkuta jikoni, amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Mlango wa oveni ulikuwa wazi na rafu zake za ndani zimetolewa, zimetupwa huku na huku. Alikuwa amepekua mle ndani. Beseni lilikuwa kati ya magoti yake, na mkononi alikuwa ameshika nguo ya Bonge aliyoikuta chini ya meza. Kopo la vidonge lilikuwa limefunguliwa mapajani mwake.

"Nimemweka wapi?" akaniuliza. Macho yake yalikuwa macho ya mtu aliye macho. "Mama, nimemtafuta kote. Nimemweka wapi?"

"Bonge ni mzima."

"Usinidanganye."

"Ni mzima. Yuko hospitali na mama yake. Anapumua, analia, anataka maziwa."

"Mnanificha. Nimeona beseni. Nimeona trei." Mkono wake ukaingia kwenye kopo, na nikaona vidonge viko vingi kiganjani.

Sikumnyang'anya. Niliogopa nikivuta atavipeleka mdomoni. Nilikaa sakafuni mbele yake, magoti yetu yakagusana, jambo ambalo halijawahi kutokea kati ya mtu na mkwe wake katika ukoo wetu, nikampigia binti yangu. "Mweke mtoto kwenye simu," nikamwambia. "Usiulize. Mweke tu." Nikaisogeza simu sikioni kwake.

Bonge hakuwa analia wakati huo. Alikuwa anaguguna, zile sauti zake za kutafuta ziwa. Mkwe wangu alisikiliza. Midomo yake ikaanza kucheza. Kiganja kikalegea, vidonge vikamwagika kwenye nguo ya mtoto, na nikavikusanya vyote na nguo yenyewe nikaviweka nyuma yangu.

Nikamweleza. Sikupunguza kitu, maana nilijua nikipunguza atajaza mwenyewe kwa kitu kibaya zaidi. Godoro, beseni, kitambaa, oveni. Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza nikavuta pumzi, nikauliza lile neno, na lilitoka zito kama jiwe.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Alilisukuma beseni kando.

"Ndiyo," akasema. "Si leo tu. Tangu wiki za nyuma. Nilidhani ndiyo akili yangu ilivyo."

"Siyo akili yako."

"Utajuaje, mama?"

Sikujua. Nilimwambia najua.

Cheche, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema gari bado linanguruma. Tukampeleka hospitali ile ile usiku huo, na daktari wa akili akampokea.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Mwili uliokuwa umezoea vidonge ukawa unavidai. Alitetemeka, alitoka jasho, alikaa macho akisikia oveni inawaka mahali ambapo hakuna oveni. Tulipokezana kukaa naye, mimi, binti yangu, na Cheche ambaye sikumtegemea hata kidogo. Akarudi nyumbani akiwa na dawa nyingine aliyokuwa akipewa na mkewe mkononi, na miadi ya kila wiki ya kwenda kuongea na daktari wake. Bekari wamemhamishia zamu ya mchana, kwenye kupakia. Kukanda hajataka. Usingizi umeanza kurudi, kidogo kidogo, wa kukatika katika. Mimi nalala kwenye godoro mlangoni pa chumba chao na Bonge analala nami, na hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu tena.

Jambo moja lilibaki. Hakumgusa mtoto. Bonge akimnyooshea mikono, yeye hukalia mikono yake. Mtoto haelewi. Ananyoosha tena, anacheka, anadhani ni mchezo. Jana jioni nikachoka kuangalia. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale. Nikamwinua Bonge nikampeleka kochini.

"Mpokee mwanao."

"Mama, siwezi. Utakaa hapa?"

"Nitakaa."

Akatoa mikono chini ya mapaja yake, taratibu. Nikamweka Bonge kifuani pake. Mtoto akamshika sikio, akalaza shavu, akatulia. Mkwe wangu akafumba macho, machozi yakamshuka hadi shingoni, na binti yangu akageukia ukuta.

Kisha mkwe wangu akafumbua macho, akatazama chini. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika nguo ya mtoto kwa nyuma, umekaza ngumi. Nilijaribu kuuachia. Aliniona nikijaribu.

"Shikilia tu, mama," akasema.